Kiti cha Mwokaji Mikate

Mnong'ono aliweka kiganja juu ya kiti ili akipanguse vumbi, akakuta kina joto.

Halikuwa joto la kuunguza, ila lile la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi kwenda kufungua mlango. Akaangalia huku na huku. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa mtupu, viti vya watazamaji vimefunikwa mashuka, na madirisha ya juu yalizibwa kwa vitambaa vyeusi hata jua lisipate pa kupenyeza kidole. Pembeni ya jukwaa binti yake, Kibonge, alilala ndani ya sanduku lake la kulalia, ngumi zimekunjwa kama bondia. Mtu mwingine hakuwepo. Akajiambia huenda Msumari, mzee anayetunza vifaa, amewahi kufika akapumzisha mgongo kidogo kisha akatoka kuvuta sigara, na nani angemlaumu mzee wa watu. Akakipangusa, akaendelea na kazi.

Lakini moyo haukutulia, kwa kuwa alijua, kama walivyojua wote, kwamba kwenye kiti kile hakuna aliyekuwa akikaa.

Kikundi chao kilikuwa kikitayarisha mchezo kutoka kwenye kitabu kimoja kinene kama tofali, ambacho mwongozaji alikisoma ujanani na hakikumtoka tena. Kilisimulia habari za mwokaji mikate, mtu mpole, ambaye mkewe alipendana na mpangaji wa chumba cha uani. Mapenzi yakawapofusha. Siku ndoo ilipotumbukia kisimani na mwokaji akashuka kuitoa, wale wawili waliokuwa wameshika kamba wakaiachia. Hakuna aliyewashuku. Polisi hawakuja, majirani walileta pole, na mpangaji akahamia chumba cha mbele. Nusu ya kitabu iliyobaki haikuwa na tukio lolote, ila mwanamke yule na dhamiri yake. Kila akiandaa chakula, mkono wake unaweka sahani ya tatu. Na kilichomla ni wema wa marehemu, maana mtu yule hakuwahi kumpandishia sauti hata siku moja, na usiku wa baridi alikuwa akiamka kumfunika miguu.

Sasa hayo utayaonyeshaje jukwaani? Kitabuni mtu anaweza kuwaza kurasa hamsini na msomaji akamvumilia. Jukwaani akiwaza kidogo tu watu wanaanza kukohoa. Malkia, mwigizaji mkuu aliyecheza kama mke, alitaka marehemu atokee amepakwa unga usoni. Mwongozaji akasema watu watacheka, na wengine wataagiza mikate. Akaamua kutumia kiti. Kiti kitupu cha mbao, kimewekwa mezani kikiwapa watazamaji mgongo, na kila aliye jukwaani akione kina mtu.

Ili wazoee, aliwapa sharti. Ukiingia ukumbini, unakisalimu kiti kwanza. Ukitaka kupita mbele yake, unaomba radhi. Mkoba hauwekwi pale, koti halitundikwi, na chai ikimiminwa, kikombe kimoja ni chake. Mwanzoni walicheka. Msumari alikuwa akikiinamia na kukiuliza, "Bosi, leo umebakiza mkate wa jana?" Kisha mazoea yakawa mazoea. Wiki zikapita, na hata mfagiaji aliyekuja mara moja moja akawa anakiambia, "Samahani baba, inua miguu," bila kujua kwamba hatanii tena.

Kazi ya Mnong'ono, iliyompa jina hilo, ilikuwa kusimama nyuma ya pazia la pembeni na maandishi ya mchezo mkononi. Mwigizaji akipotewa na neno, yeye humrushia. Halirushwi kwa nguvu, wala kwa sauti ya nyoka inayosikika mpaka viti vya nyuma. Linarushwa chini chini, likatue sikioni kama unyoya. Na aliyerushiwa naye ana kanuni yake, ambayo mwongozaji aliwaimbia kila siku: ukipewa, pokea. Usifikiri, usigeuze shingo, usijiulize kama ndilo. Mdomo upokee na uendelee, maana ukisita tu umekufa mbele za watu. Mnong'ono alikuwa na mchezo mzima kichwani, nafasi za wote, mwanzo hadi mwisho. Malkia alimwambia kwamba akimnong'oneza huwa anaona kama ni moyo wake mwenyewe uliokumbuka.

Walimtendea wema pale, na yeye hakusahau wema. Malkia alimwachia chumba chake cha kuvalia ili anyonyeshe kwa faragha. Msumari alichukua sanduku la safari lililotumika katika mchezo wa zamani, akalitandika mapazia chakavu, akalipigilia magurudumu, likawa kitanda cha Kibonge, ambacho mama yake alikikokota kurudi nacho nyumbani kila jioni. Hata mwongozaji, ambaye ulimi wake ungeweza kukata nyama, alikuwa anagomba kwa kunong'ona mtoto akilala.

Nyumbani hapakukosa upendo, palikosa mikono. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma upande wa pili wa mji. Aliondoka kabla hakujapambazuka, akirudi macho mekundu, mgongo umejikunja, akila huku amesinzia. Alikuwa mume mwema aliyechoka. Na Kibonge alikuwa anaota meno. Usiku mmoja baada ya mwingine Mnong'ono alizunguka na mtoto begani ndani ya chumba chao, kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, akipita kile kiti cha plastiki kilichorundikwa nguo zisizokunjwa mpaka zikafika kimo cha mtu, akijisemea kwamba laiti angekuwepo mmoja tu, yeyote, wa kumpokea mtoto huyu kidogo.

Mnong'ono akiwa katika hali hiyo, Malkia akapatwa na homa. Mwongozaji alitaka kupanga taa za onyesho la mwisho, akamwomba Mnong'ono asimame mahali pa Malkia, aseme maneno tu, asihangaike kuigiza. Akapanda jukwaani na mtoto mgongoni. Maneno ya mwisho ya mchezo mke anayasema akikielekea kiti, baada ya kukiri yote. Mnong'ono alikuwa ameyanong'oneza mara nyingi bila kuyasikia. Siku ile aliyasikia.

"Rudi ukae," alisema. "Nimechoka kuwa peke yangu. Kiti ni chako, nyumba ni yako, na kilicho changu ni chako."

Sauti ikamkatika, machozi yakamtoka, na hayakuwa ya mke wa mwokaji. Msumari alijifuta macho kwa kitambaa cha kupakia vanishi akajiharibia zaidi. Mwongozaji akasema kwa upole asiouzoea kwamba basi, hivyo ndivyo, Malkia akipona aje aonyeshwe hivyo.

Hapo kiti kikalia. Mlio mfupi, wa mbao inayopokea uzito.

"Amekubali huyo," Msumari akasema, wakacheka wote, Mnong'ono naye akacheka huku akipenga kamasi. Kesho yake asubuhi ndipo alipokikuta kina joto.

Baada ya hapo ikaja harufu. Ilikuwa ya udongo mbichi, ule mweusi unaotoka chini kabisa watu wakichimba kisima, na ndani yake kulikuwa na unga kidogo. Mwongozaji aliisifu, akamuuliza Msumari ameitengeneza kwa kutumia nini. Msumari akasema yeye hakutengeneza kitu, na kwa mara ya kwanza hakutia mzaha. Kikombe cha kiti kikawa kinakutwa kitupu. Kijana aliyecheza kama mpangaji akaanza kusahau maneno kila akikikaribia, na alipobanwa aseme kwa nini, alisema anasikia mtu akivuta pumzi kwa shida, kama aliyepanda ngazi ndefu na nguo zilizolowa.

Onyesho lilipofunguliwa, watu walijaa na kulia. Jioni ya kwanza, walipokuwa wakipokea pongezi mlangoni, mama mmoja wa makamo alimshika mwongozaji mkono, akamshukuru kwa mchezo mzuri, akasema wote wamecheza vizuri lakini yeye kilichomgusa zaidi ni yule baba aliyewapa mgongo. Kakaa kimya kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, bila hata kujikuna, na pale mwishoni alipogeuza kichwa polepole kumtazama yule binti aliyeonekana kwenye mwanya wa pazia, amebeba mtoto, yeye alihisi nywele zinasimama. Akauliza kama anaweza kumwona ampe hongera.

Mwongozaji alitabasamu, midomo mikavu, akasema amekwisha ondoka.

Mnong'ono alikuwa hatua chache kutoka hapo na aliyasikia yote. Wenzake walitazamana, yeye akainama kumfunga mtoto vizuri, ili uso wake usionekane. Kwa sababu yeye alikuwa na habari ambazo hao hawakuwa nazo.

Tangu ile siku ya taa, Kibonge alikuwa hakeshi tena akilia. Mnong'ono alikuwa amelala usiku ule kama jiwe, na alipozinduka alfajiri alikuta blanketi limefungwa vizuri kuzunguka miguu yake, limekunjiwa chini ya visigino. Akamshukuru mumewe. Mumewe, akifunga viatu, akamtazama kwa mshangao, akasema yeye alilala mpaka saa ilipomwamsha, lakini kama kuna mtu wa kushukuriwa basi na amshukuru. Wakacheka. Siku iliyofuata alirudi kutoka mazoezini akakuta nguo zote za kile kiti cha plastiki zimekunjwa, zimepangwa kitandani, za baba kwake, za mama kwake, soksi za mtoto zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimegeuzwa kidogo, kikielekea sanduku la Kibonge, kama anavyogeuza kiti mtu anayelea.

Aliogopa. Asiseme mtu kwamba hakuogopa. Alisimama mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi. Lakini usiku ulipofika, na mtoto akaanza kulalama kama desturi, na yeye akajikokota kuinuka huku kichwa kikimwuma, alisikia magurudumu ya sanduku yakienda na kurudi sakafuni, kwenda na kurudi, polepole, na mtoto akanyamaza. Na Mnong'ono, ambaye alijua fika kwamba mumewe amelala hapa ubavuni mwake na kwamba mlango umefungwa kwa komeo na kwamba sanduku halina namna ya kujisukuma lenyewe, alifumba macho akalala, kwa sababu usingizi ulikuwa mtamu, na kwa sababu tangu azae hakuna aliyempokea mtoto bila yeye kuomba.

Asubuhi aliona haya kama mtu aliyetoka nje ya ndoa. Usiku ukaja tena, akalala tena.

Baada ya maneno ya yule mama wa mlangoni, kikundi kizima kilikataa kupanda jukwaani. Mwongozaji, aliyekuwa akiwacheka wanaoamini mambo hayo, ndiye aliyetoka kwenda kumtafuta mganga. Akaja mwanamke mfupi, mkimya, na mfuko wa plastiki mkononi kama anatoka sokoni. Alizunguka jukwaa mara moja, akanusa, akaomba apewe kiti, akaletewa cha watazamaji, akakaa mbali.

Akawauliza marehemu huyu wanayemwita alikuwa nani. Mwongozaji akamweleza kwamba ni mtu wa kitabuni, hakuwahi kuishi. Mganga akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hapo ndipo mlipokosea, wanangu. Mtu aliyewahi kuishi ukimwita, anasikia yeye. Nyie mmemwita asiyekuwepo. Mmempa salamu, chai, na pa kukaa, kila siku. Wasio na jina ni wengi, wanapita. Ameitika aliyekuwa karibu."

Mganga akaendelea kusema kwamba kumtoa si kazi ngumu, kwa kuwa mgeni aliyekaribishwa hutolewa na mwenyeji wake. Aliyemkaribisha, huyo huyo, kwa kinywa chake, amwambie maneno haya: Nilichokupa nakitwaa. Nilichosema nakimeza. Inuka, hapa si kwako. Ila ayaseme mwenyewe, kutoka moyoni mwake, asifuatishe mtu.

"Ukisaidiwa hata neno moja," alisema, "maneno si yako tena. Ni ya aliyekusaidia. Haya, nani alimkaribisha?"

Macho yote yakamgeukia Malkia. Malkia akajitokeza, akasema ni yeye, maneno yale yako katika nafasi yake. Nyuma ya pazia Mnong'ono alifungua mdomo. Kibonge alikuwa mgongoni, mzito na mtulivu, haswa mtulivu. Mnong'ono akawaza usiku. Akawaza kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi. Akajidanganya kwamba Malkia ameyasema maneno yale mara nyingi kuliko yeye, hivyo huenda itatosha. Mganga alitazama lile pazia kwa muda, kama anayengoja, kisha akamgeukia Malkia akamwambia aanze.

Malkia aliyasema vizuri, bila kukosea. Moshi ukafukizwa, kiti kikatolewa uani, Msumari akakipasua kwa shoka na kukichoma. Harufu ya kisima ikaisha ukumbini siku hiyo hiyo. Wakakumbatiana. Malkia alimkumbatia Mnong'ono kwa muda mrefu kuliko wote, akamwambia sikioni, "Pole, mdogo wangu, na mtoto mdogo hivi, umevumilia mengi." Wema ule ulimchoma kuliko tusi.

Alipofika nyumbani jioni ile, harufu ilimpokea mlangoni.

Tangu siku hiyo mgeni hakujificha sana, kama mtu aliyefukuzwa kazi akabakiwa na nyumba. Sakafu karibu na kiti cha plastiki ilikuwa inalowa. Mumewe alipanga kupanda juu kutafuta bomba linalovuja, akapanda, hakuliona. Na Kibonge akaanza kubadilika. Kwanza akaacha kunyonya. Mnong'ono alimweka kifuani, mtoto akageuza uso kwa adabu, kama mtu mzima aliyekwisha kula kwa jirani. Uji hakuutaka. Maziwa ya kopo hakuyataka. Na bado alinenepa. Majirani walimsifu, wakambana mashavu, wakamwambia mama yake ana mkono wa kulea. Mnong'ono aliitikia ahsante bila kuwatazama machoni, kwani kila asubuhi nywele za mwanawe zilikuwa na maji, na chini ya kucha zake ndogo kulikuwa na udongo mweusi, na alipomwita kwa jina mtoto alimtazama kwanza juu ya bega lake, pale pasipo na mtu, kama anayeomba ruhusa, ndipo akamtazama yeye.

Siku mtoto alipoanguka akajigonga paji la uso, akalia, na Mnong'ono akakimbia na mikono imenyooshwa, Kibonge alimpita. Alitambaa kwa haraka kwenye kiti cha plastiki, akainua mikono kukielekea, na akanyamaza, kichwa kimelala upande, kimeegemea kitu.

Hapo usingizi wote aliokopeshwa ukamtoka. Alimfunga mtoto mgongoni, akaenda mbio kwa mganga, akapiga magoti akasema yote, hata yale ya kulala.

Mganga hakumgombeza. Alimwinua, akampa maji.

"Nilikuona nyuma ya pazia, mwanangu. Nilikungoja. Siwezi kumtolea mtu kinywa chake." Kisha akamwambia kwamba bado kuna nafasi, lakini ni ndogo, kwa maana kila usiku aliolala alikuwa anamkaribisha upya. Aende leo jua likiwapo. Asiwe na mtu chumbani. Aseme maneno yale yale matatu akikielekea kiti. "Na usisaidiwe. Unanisikia? Usipokee neno la mtu."

Mnong'ono akasema anayajua. Karibu acheke. Yeye aliyebeba kichwani mchezo wa saa mbili, nafasi za wanaume na za wanawake, angeshindwa na sentensi tatu?

Alimpigia mumewe simu, akaja na mavazi yake ya kazi, kinga ya macho bado imening'inia shingoni. Alisimuliwa pale kwenye ngazi za nje, na hakubisha. Alikuwa ameona maji. Akakubali kubaki nje na mtoto. Akampa mkewe mkono, mkono mgumu wenye makovu ya cheche, akasema, "Nisamehe. Nilikuwa nimechoka, nikadhani wewe hukuchoka." Laiti angelisema hivyo mwanzo, hakuna kiti ambacho kingepata mtu. Mnong'ono akambusu Kibonge kwenye paji la uso, penye unyevu, akaingia, akafunga mlango.

Jua la alasiri lilikuwa limelala sakafuni. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri kuliko alivyokiacha. Kiti cha plastiki kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mlangoni, na chini yake maji yalikuwa yakijikusanya tone kwa tone, ingawa juu yake hakukuonekana kitu cha kudondosha. Alisimama mbele yake.

"Nilichokupa nakitwaa," alisema.

Kiti kikalia, ule mlio mfupi. Kikasogea nyuma kidogo, kama kimesukumwa na mtu anayejiandaa kuinuka. Moyo ukamruka kwa tumaini. Nje alisikia mtoto akikohoa na mumewe akimbembeleza.

"Nilichosema," alisema.

Neno lililofuata halikuwepo.

Akalitafuta. Alijua ni dogo, ni la mdomoni, la kila siku, neno ambalo hata mtoto analo. Alirudi nyuma, akasema tena nilichosema, akidhani mwendo wa maneno utalileta lenyewe, kama alivyoona waigizaji wakifanya, na sasa akajua jinsi ilivyokuwa kwao siku zote pale kwenye mwanga, wakati sakafu inapofunguka chini ya mtu na dunia nzima inamtazama na kimya kinaanza kupanda kutoka miguuni kama maji ya kisima, kinafika magotini, kinafika kifuani, na mtu angetoa chochote alichonacho, chochote kabisa, ili apewe neno moja tu.

Likaja kutoka nyuma yake. Halikurushwa kwa nguvu, wala kwa sauti ya nyoka. Lilirushwa chini chini, kwa pumzi yenye udongo, likatua sikioni kama unyoya. Aliyelirusha alikuwa amejifunza vizuri. Alikuwa amekaa akimsikiliza muda wote ule.

Mnong'ono hakugeuza shingo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa upande wa kutoa. Hakujua kupokea kulivyo rahisi.

"Nilichosema nimekisema," mdomo wake ulisema. "Kaa."

Kiti kikalia mara moja, kwa uzito wote, kikatulia. Matone yakakoma.

Alibaki amesimama. Jua lilisogea kutoka sakafuni likapanda ukutani. Mumewe alipoona kimya kimezidi, akasukuma mlango taratibu, akachungulia, mtoto mkononi. Aliona chumba kikavu, kitanda kilichotandikwa, mkewe mzima. Uso wake ukalegea kwa furaha, uso wa mtu ambaye tangu apigiwe simu alikuwa akijiandaa kusikia mabaya.

"Umemaliza?" akauliza.

Mnong'ono alifungua mdomo kumwambia hapana. Alitaka kumwambia amchukue mtoto akimbie, asirudi hata kuchukua viatu. Yote yalikuwa kifuani, yamepangana. Lakini kabla halijatoka hata neno moja, alihisi ile pumzi ya ubaridi nyuma ya sikio lake, likaja jingine, laini, na akalipokea.

"Nimemaliza," alisema.

Mumewe akacheka kwa kushusha pumzi, akaja akamkumbatia, mtoto kati yao. Kibonge alinyoosha mikono. Mikono ile minene ilipita shavu la mama yake, ikapita bega lake, ikaendelea kunyooka, na Mnong'ono akahisi uzito wa mwanawe ukipungua kifuani kidogo kidogo, kama unavyopungua unapompa mtu amshike. Mumewe alikuwa amefumba macho. Alikuwa akimuuliza kama sasa, jamani, wataweza kulala.

Neno likaja. Akalisema.

Usiku ule kulikuwa na baridi. Walilala mapema. Kabla taa haijapoa, magurudumu ya sanduku yalianza kwenda na kurudi sakafuni, kwenda na kurudi, na Mnong'ono akiwa amekodoa macho gizani alihisi blanketi likivutwa, likizungushwa miguu yake yote miwili, likikunjwa kwa uangalifu chini ya visigino, na mkono uliolowa ukibaki pale kidogo, kwa wema, kabla ya kuondoka.